Robo Mzunguko

Ndahani alifika gereji Jumatatu, mawingu yakiwa bado yanajaribu,
trekta limepakwa vumbi la Hogoro hadi kwenye kope za taa.
"Mbukwa, fundi."
"Mbukwa."
Hakukaa. "Fungulia pampu," alisema.
"Sudayi kanunua jipya, linavuta visahani vinne
kama mtu anavyovuta shuka usingizini.
Langu likikanyaga mbuga nyeusi linapiga magoti.
Nasikia kuna skrubu. Wewe zungusha tu."

Skrubu ipo. Imefungwa kwa waya na lakiri ya risasi,
na aliyeifunga hakuwa mjinga.

Sikumjibu. Nilimpa pistoni iliyo mezani kwangu,
ile ninayochomekea penseli:
penseli inaingia juu, inatokea chini.
"Nani kaitoboa?"
"Mimi. Mwaka niliotoka kwa bosi wangu Mpwapwa.
Mwenyewe alitaka nguvu, nikampa mzunguko mzima na nusu.
Alilima siku nne kama upepo.
Siku ya tano chuma kilitiririka kama samli.
Yule bwana aliuza ng'ombe sita kwa ajili ya mkono wangu huu."

Akairudisha taratibu,
kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Tukaanza na kile trekta lilichoporwa.
Ndani ya chujio la hewa: pumba za alizeti,
na panya aliyekwisha lea vizazi viwili kwa amani.
Miezi yote hiyo injini ilipumua kupitia kiota.
Rejeta niliipuliza kutoka nyuma, likatoka shamba zima.
Nozeli mbili zilikojoa badala ya kunyunyiza.
Vali ziligongana kama meno ya asubuhi ya Julai.
Nguvu aliyokuja kuniomba haikuwa imekwenda mbali.
Ilikuwa imekabwa humu humu.

Siku ya tatu nikaliwasha. Ndahani akavua kofia.
"Ndilo lenyewe?"
"Ndilo ulilonunua."
Lakini macho yake hayakutoka kwenye lakiri.

Sitadanganya: nilikata waya.
Robo mzunguko. Alama ya chaki kwenye kichwa cha skrubu
ili nijue njia ya kurudi.
Tukafunga plau, tukashuka mashambani,
yeye kwenye usukani, mimi kwa miguu, natazama eksozi
kama mama anavyotazama ulimi wa mtoto mwenye homa.
Moshi wa kijivu, twende.
Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua,
ni pesa yako, Ndahani, inapanda juu kuomba mvua.
Kwenye mwinuko ukasimama mweusi kama nguzo.
Nikainua mkono, nikarudisha nusu ya ile robo.

Kisha kisiki.
Plau ikang'ang'ania chini, pua ya trekta ikainuka,
shibiri moja, labda mbili,
tairi za mbele zikizunguka hewani bila kazi,
na mimi nikasahau hesabu zote ninazozijua.
"Klachi! Kanyaga klachi!"
Akakanyaga. Pua ikashuka.
Injini ikaendelea kunguruma, haina habari.
Sisi wawili tulisimama pale kama tulioamshwa.

Jioni hiyo hiyo nilimfungia vyuma vya uzito mbele, vinne,
nikambadilishia bitana za breki,
maana breki zake zilikuwa bado zinaishi na lile trekta la juzi.
"Mbugani, visahani vitatu," nilimwambia.
"Vitatu?"
"Vitatu. Sindano ya joto ikigusa nyekundu, simama, hata kama Sudayi anakutazama."
"Kwa hiyo la Sudayi bado ni kubwa."
"La Sudayi bado ni kubwa."
Akacheka, akalipa nusu. Nusu baada ya mavuno.

Mvua ya kwanza ilishuka usiku, tukiwa tunakula.
Trekta likapita barabarani kuelekea Hogoro.
Niliacha tonge mkononi.
"Mama, unasikiliza nini?"
Halikohoi. Halibweki. Linakwenda.
"Kula," nikamwambia, "ugali unapoa."